Mama Amebomoa Tanuru Lake

Kamina, Jumatatu

Yaya Kalenga, mkubwa wangu,

Siye wote huku nyumbani tuko wazima. Mvua imechelewa, mihogo iko midogo, na mutoto wangu ameanza kutembea.

Wiki iliyopita tulikusikia kwenye redio, kutoka huko kwenye mkutano wa mataifa. Ulisema nchi yetu imetia sahihi mapatano ya kupunguza moshi unaoharibu hewa, na haitaacha misitu ichomwe. Majirani walikuja kumpongeza mama. Akacheka nao. Asubuhi nilimkuta porini akibomoa tanuru lake la makala, yale makaa anayouza, na kulimwagia maji, kuni hazijaungua hata nusu.

“Mama, makala njo inatulisha,” nikamwambia.

“Mutoto yangu alitoa neno mbele ya bantu bote,” akajibu. “Minyi sitaki aonekane muongo.”

Yaya, situlii. Usingizi hauji, nikikaa nasimama. Mlipotia sahihi, kuna aliyemtaja mwanamke anayeishi kwa makala? Mama amenikataza kukuuliza. Jana alikwenda kuomba unga kwa jirani, na huko pia alikusifu.

Mdogo wako anayengoja neno lako,
Nkulu