Miiba Kwenye Malka

Garsen, Mto Tana
16 Novemba 1956

Mpendwa mwanangu Elia Buya,

Kuna jambo nimekuficha miaka saba, nalo linamhusu baba yako, Dhadho, mdogo wangu. Nimelitaja mwanzo ili aibu isinirudishe nyuma.

Sasa salamu. Hujambo, mwanangu? Mkeo anaendeleaje tangu ajifungue? Mtoto ananyonya vizuri? Sisi huku tupo. Kifua hakiniruhusu kulala chali, na miguu imevimba hadi magotini. Mama yako mkubwa, Tuneya, ananikanda kwa maji moto huku akinigombeza kwamba nimekuwa mzito kama gogo la mtumbwi.

Mto umejaa. Lori la posta halijapita wiki mbili. Chengo wa kivuko ameahidi kuivusha barua hii na kumkabidhi dereva yeyote aendaye Mombasa. Ninamwomba Mungu ikufikie kabla ya Jumapili ya ubatizo.

Nimesoma barua yako, na tangu hapo sina amani. Umeandika kwamba mzaliwa wako wa kwanza hutampa jina la babu yake kama ilivyo desturi yetu. Kwamba Dhadho ni jina la mtu aliyeziba malka akasababisha kifo, na hutalipeleka mbele ya madhabahu. Ukamalizia, "Ni wewe, baba mkubwa, uliyenifundisha."

Ni kweli nilikufundisha. Mlipokuwa darasa la ubatizo niliwapeleka kwenye malka, ile njia kati ya mashamba tunayoiacha wazi ili ng'ombe wa Waorma washuke mtoni. Niliwaonyesha alama za kwato kwenye matope. Nikasema, hata mafuriko yalete udongo mzuri namna gani mahali hapa, mkulima hapandi wala hazibi, kwa sababu mwenye kiu ana haki yake. Bwana wetu ni njia ya namna hiyo. Hamuulizi ajaye ni mtu wa wapi. Ulilia siku ile. Nasikia huko Mombasa nawe unawafundisha watoto hivyo hivyo.

Unamkumbuka Jatani, mfugaji wa Kiorma aliyependa kusimama mlangoni mwa kanisa akiegemea mkuki wake. Alikuwa Mwislamu na hakuficha, lakini alisikiliza kuliko washirika wengi. "Mwalimu," aliniuliza siku moja katikati ya mahubiri, "huyo mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja, hao wengine aliwaacha na nani? Kwetu angechapwa!" Kanisa zima likacheka, nami nikacheka, nikasahau nilipokuwa nimefikia.

Kisha ukaja ukame wa 1949. Mahindi yaliyosalia hai yalikuwa yale ya kando ya malka, upande mmoja ya baba yako, upande wa pili yangu. Ng'ombe wenye njaa walikuwa wakiyala kila wapitapo. Baba yako aligombana na Jatani mbele ya watu. Siku ya tatu malka ikakutwa imezibwa kwa miiba.

Waorma wakashuka na mifugo yao mahali pengine, penye ukingo mkali. Batula, mke wa Jatani, aliteleza akichota maji. Mamba akamchukua.

Wazee walipokutana, baba yako alisimama akasema, "Ni mimi." Akaondolewa kwenye baraza, akahamia ng'ambo ya mto, na hadi leo analima peke yake. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Uliporudi likizo ulipita mlangoni pake bila kupiga hodi, na mimi niliona.

Jatani hakusimama tena mlangoni petu. Alinijia mara moja tu, akanipa mkono. "Mwalimu, nduguyo ametufungia maji. Lakini wewe usilie. Wewe si yeye." Nikaupokea mkono ule.

Buya, njoo. Kama huwezi kuja, mwandikie baba yako, atasomewa. Yeye mwenyewe hatakuambia kamwe, na mimi sidhani nitauona mwezi ujao. Nimewasomesha watu wengi jinsi ya kutubu. Mimi kila nikipiga magoti naliona jambo hili mbele yangu, nageukia kuwaombea wagonjwa. Sijui kama Mungu bado ananisikiliza. Baba yako hajabatizwa, wala hajui kusoma, lakini usimnyime mtoto jina lake. Nakusihi, usimnyime.

Msalimie sana mkeo, na ndugu zetu wote walioko Kilindini. Tuneya anasema umbusu mtoto kwa niaba yake. Bwana aikalie nyumba yako, ampe mtoto huyo miaka mingi, na asimwache yeyote kati yenu mikononi mwa uongo.

Mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,
Baba yako mkubwa, Zakaria Hiribae

Nimetia sahihi na bado sijaliandika jambo lenyewe. Tuneya anasema Chengo amefika, anangoja mlangoni. Siku ile barazani nilikuwa nimeanza kuinuka. Baba yako alinishika bega, akaninong'oneza, "Kaka, kaa. Wewe una watu wa kufundisha. Mimi nina nini cha kupoteza?" Nikakaa. Alikuwa amenikuta alfajiri ya siku malka ilipozibwa, panga mkononi mwangu. Miiba ile niliikata mimi.