Nafasi Kati ya Majina

Maganzo,
11 Juni 1983

Dada Coletha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Ushirombo, wewe na watoto. Mimi mwili hauna ugonjwa, ila usingizi sipati.

Uliambiwa kwamba shemeji Marcel aliuawa na majambazi. Sivyo.

Wizi wa ng'ombe ulipozidi, ofisi ya kijiji ilinipa kazi ya kupiga taipu majina ya watuhumiwa, yapelekwe kwa walinzi wa vijiji jirani. Esta, karani mwenzangu, alitaka tuweke mkwaju, kile kistari cha mshazari, kati ya mtu na mtu. Nilikataa. Kitufe cha mkwaju kilikuwa kimekwama, na koma tulishaitumia kabla ya jina la kijiji. Nikamwambia nafasi tupu inatosha. Akasema, "Telesphori, watu hawa wana majina mawili mawili." Nikamcheka.

Wezi walikuwa wawili: Mageni, na Bujiku mwana wa Marcel mwingine aliyekwisha kufa, si shemeji. Nikaandika MAGENI BUJIKU MARCEL, MAGANZO. Walinzi, ambao hawakutujua, wakasoma watu watatu.

Jumamosi ile saa nne asubuhi waliingia sokoni. Mageni na Bujiku walikuwa wamekwisha kukimbia. Wakauliza Marcel ni nani, wakaonyeshwa shemeji, ameinama anaziba pancha ya baiskeli. Alinyoosha mkono awasalimie. Rungu la kwanza lilivunja mkono huo. Akatambaa chini ya meza ya muuza dagaa, wakamvuta kwa miguu. Walimpiga kichwani mpaka jicho likatoka, na mmoja akamalizia kwa jiwe. Muda wote alikuwa anawauliza ameiba nini.

Sasa dada, kilichonifanya niandike. Kiongozi wao alikuwa ameshika karatasi yangu. Nilikuwa nimesimama hatua kumi tu. Kabla rungu la pili halijashuka nilishaelewa kosa liko wapi, na sauti ninayo. Niliogopa wangenigeukia. Nikanyamaza mpaka shemeji akatulia. Kisha nikarudi ofisini nikachoma nakala, na ile habari ya majambazi nikaitunga mimi.

Esta nimemweleza. Kesho tunakwenda naye polisi.

Nisalimie Philomena na mdogo wake. Siku wakiuliza baba yao alikufaje, wasomee barua hii, usiruke mstari. Sikuombi unijibu.

Ni mimi mdogo wako,
Telesphori