Huko Wanapanda Miti Gani?

Naja Shamandi, 12 Machi 2002

Kwako mdogo wangu Rifaat,

Salamu za nyumba nzima zikufikie, na nyumba nzima siku hizi ni mimi, Baba na mbuzi wawili. Sisi wazima, wasiwasi ni juu yako tu. Mgongo wa Baba unamsumbua asubuhi, lakini akifika kwenye miti unanyamaza.

Mikangazi aliyoipanda kule jangwani mwaka uliomaliza shule imeshaipita nyumba yetu kwa urefu. Maji ya vyoo vya mjini yanasafishwa kwenye mabwawa, kisha yanapita kwenye mipira hadi kila shina, na Baba anapita nyuma yake akizibua matundu yaliyozibwa na chumvi. Zamani miti ya kuzuia mchanga ilinywa kisima chetu. Tangu ipewe maji hayo, kisima kimepanda mikono miwili. Watu wanateka, wanakunywa, kisha wanamwita Bakhit wa Vyoo. Shukrani ya punda ni mateke.

Abdunnaim amerudi kutoka huko Kuwait. Tulimuuliza kama alikuona, akasema mji ni mkubwa. Tangu siku hiyo Baba, asiyejua kusoma hata jina lake, amenishika nikuandikie swali moja: huko wanapanda miti gani, na wanainywesha maji gani?

Najua hujasahau siku ya posa. Baba mwenyewe hajawahi kuitaja.

Dada yako,
Awatif

*

Kuwait, 30 Mei 2002

Dada yangu Awatif,

Barua yako nimeipata na nimefurahi. Mimi mzima, alhamdulillahi. Nimo ofisini, kwenye kiyoyozi, najaza karatasi za mizigo, mchana kutwa silioni jua. Miti ya huku nitaijulia wapi? Mwambie Baba miti ipo, basi.

Siku ya posa naikumbuka kila siku. Haji Shazli aliuficha mkono ndani ya kanzu asimpe Baba, na mimi, badala ya kumkasirikia yeye, nikasema mbele za watu, "Baba, kanawe kwanza." Baba akaenda akanawa. Aliporudi, mikono inadondosha maji, wageni walishasimama mlangoni wakiondoka. Binti wa Shazli nilimkosa, na tangu hapo sijui nimtazameje Baba. Kwa hiyo miti usinitajie.

Nimekutumia kitambaa na majani ya chai.

Mdogo wako,
Rifaat

*

Naja Shamandi, 9 Novemba 2004

Kwa mdogo wangu asiyeandika,

Natumai ni uvivu, si ugonjwa. Sisi tupo. Baba anakohoa.

Jeneza la msikiti limevunjika mguu njiani, mama yake Hilali akiwa juu yake. Nusura aanguke, Mungu amrehemu. Baba akasema wamekata mikangazi iliyosongamana, mbao anazo, atachonga jipya bure. Haji Shazli akasimama mlangoni mwa msikiti. "Maiti tumtoharishe, halafu tumlaze juu ya choo?" Shehe akasema mti haunywi uchafu, unakunywa maji, na yakishakuwa mbao ni mbao, twahara kabisa. "Basi shehe utaanza wewe kulipanda," Shazli akamjibu. Watu wakacheka, hata mimi nilijiziba mdomo, Mungu anisamehe.

Baba alilichonga vivyo hivyo. Limekaa stoo ya msikiti mwezi wa pili sasa, na watu wanavuka mfereji kwenda kuazima la kijiji cha pili.

Kila jioni anauliza kama barua imekuja, kisha anauliza lile swali lake. Mjibu, japo mstari mmoja.

Dada yako,
Awatif

*

Kuwait, 17 Februari 2005

Dada, salamu. Mimi mzima.

Mwambie Baba mimi si bwana miti. Kila barua miti, miti. Harufu ile niliikimbia, nanyi mnaniletea ndani ya bahasha. Akihitaji dawa aseme, nitatuma.

Rifaat

*

Naja Shamandi, 3 Aprili 2007

Rifaat,

Salamu kwanza. Barua yako ile sikumsomea Baba. Niliishika karatasi nikamtungia yangu: Rifaat anakusalimu, anasema ataichunguza miti akuandikie. Alifurahi siku mbili. Tangu hapo nimemtungia nyingine nne, na sasa uongo umeniishia.

Daktari anasema ni mapafu, tusitumaini sana. Hatoki kitandani. Anaomba mlango uachwe wazi aione mikangazi. Njoo. Kama huwezi, andika, na safari hii andika ya kweli.

Dada yako,
Awatif

*

Kuwait, 2 Mei 2007

Dada yangu,

Nakusalimu, namsalimu Baba. Tajiri ameishikilia pasi yangu ya kusafiria hadi Juni. Mketishe Baba, umsomee polepole.

Baba, sina ofisi, na sijawahi kuwa nayo. Mwaka wa nane huu naendesha lori la maji. Maji yenyewe ni ya vyoo, yaliyosafishwa, nanywesha miti ya kando ya barabara. Wanaopita na magari wanafunga vioo. Nikirudi kambini wenzangu wananiambia nikanawe kwanza, na kila wakisema hivyo nakuona wewe na mikono yako inayodondosha maji. Nilidhani ningeiacha kazi hii baada ya mwezi mmoja, kisha nikaona haya kusema. Nisamehe. Juni nakuja, nikupe mkono mbele za watu.

Mwanao,
Rifaat

*

Naja Shamandi, 20 Mei 2007

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku ya nne baada ya kumzika. Sijui namna nyingine ya kukuambia.

Alifariki Jumatatu asubuhi, mlango ukiwa wazi. Siku moja kabla alinituma kwa Abdunnaim, nimwambie amemfungua kiapo chake, sasa aseme. Abdunnaim akakaa chini akalia. Alikuona, Rifaat. Alikuona kando ya barabara umeshika mpira wa maji. Alimwambia Baba siku ileile aliyorudi, na Baba akamwapisha asimwambie mtu. "Akitaka kusema atasema mwenyewe. Mimi nitamuuliza tu." Miaka mitano amekuuliza. Alitaka uanze wewe, mzungumze kama watu wawili wa kazi moja. Bila shaka hata zile nilizomtungia alizijua.

Wamemwosha kwa majani ya mkunazi wetu wa uani. Aliusia jeneza lake alilolichonga, na hakuna aliyebisha. Walipoliinua, mbele upande wa kulia, pa mtoto wa kiume, hapakuwa na mtu. Haji Shazli akatoka kwenye kundi, akakunja mkono wa kanzu, akashika. Walitaka kumpokea njiani, akakataa hadi makaburini. Jeneza sasa limewekwa ndani ya msikiti.

Barua yako nimemsomea pale kaburini, polepole kama ulivyosema. Lakini swali lake hukulijibu.

Dada yako,
Awatif

*

Kuwait, 11 Juni 2007

Awatif, nafika tarehe thelathini. Hii msomee kabla sijaja, maana nikisimama pale sitaweza kuisoma.

Baba, assalamu alaikum. Hali yako siulizi. Mimi mzima.

Uliuliza huku wanapanda miti gani. Mingi ni mitende, na upo mwingine mwembamba unaokua upesi, jina lake silijui. Lakini kipande changu, kuanzia darajani hadi kituo cha mafuta, ni mikunazi, mia na arobaini. Iliyo karibu na daraja naimwagilia kwa mpira wa lori. Iliyobaki ina mipira ya matone kama ya kwako, na matundu yanaziba kwa chumvi vilevile. Mimi nayazibua kwa mwiba. Wewe ulikuwa unatumia nini?

Mwanao,
Rifaat