Chuo Alichokisifu Mzee Eugene

Inver Grove Heights,
Minnesota.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Je, goti limepunguza ukaidi? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Sisi wawili hatujambo. Theluji inaanguka polepole tangu asubuhi, nami nimekaa dirishani nikiitazama hadi chai imepoa.

Mume wako Elkanah, mjukuu mwenye jina la marehemu baba, amekuwa mtu wa kuposwa. Vyuo viwili vinamtaka kwa ule mpira wa huku, wa kubeba mikononi na kugongana kama mafahali. Makocha wamefika hadi sebuleni, nikawapikia chapati, wakaketi wima kama wakwe. Ndoto yake ni moja: siku timu za kulipwa zinapochagua vijana wa vyuo, asikie jina lake.

Tukalinganisha. Chuo cha kusini, safari ya ndege mbili, kina vijana wenye vifua kama milango, na katika miaka mitano, vijana kumi na tisa wamechaguliwa na timu hizo. Cha hapa, saa mbili kwa gari, ni wawili tu. Elkanah akasema hapo hakuna cha kuuliza.

Lakini mimi niliuliza. Kazini namtunza mzee Eugene, aliyefundisha mpira huo vyuoni miaka thelathini. Nikimvalisha soksi, yeye hutazama mto Mississippi na kuniambia kwamba vipaji viko kila mahali, ila kocha wa chuo hiki cha karibu hukaa na kijana aliyeumia mpaka apone. Maneno matamu hayo, nikayafikisha nyumbani yakiwa moto. Elkanah humheshimu sana mzee huyo. Baada ya siku tatu akakubali chuo cha karibu. Atatia sahihi kesho.

Sasa Mama, keti. Wiki iliyopita Abigail, binti wa mzee, aliniambia kwamba baba yake kumbukumbu zimemponyoka. Kocha anayemsifu alifariki kabla Elkanah hajazaliwa. Huyu wa sasa hamjui hata kwa jina.

Nimekaa na neno hilo siku sita bila kumwambia mwanangu. Sikuwa namtafutia kocha, Mama. Nilikuwa nazitafuta hizo saa mbili za gari. Naona haya. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu, ndiyo maana nimeandika.

Siku ile ya safari yangu, pale steji ya Keroka, ulininyooshea kola ukageuka kwenda kabla gari halijaondoka. Miaka yote hii nilidhani ulikuwa na haraka.

Namsikia mlangoni akikung'uta theluji viatuni. Chuo cha kusini bado kinampigia simu, nami nitamwambia yote kabla sijampakulia chakula. Niombee nisimshike shati.

Wasalimie majirani na wa kanisani, na ulikande goti hilo kwa maji moto.

Binti yako, aliyeachiwa aende,
Dinah