Winchi Yako na Ndugu Zako Wawili

Papa,

Ndugu zako ni wapumbavu. Naanza na hilo kwa sababu barua za kuanza na salamu ndefu wewe mwenyewe ulikuwa unazikunja kabla ya kufika katikati. Ni mimi Feza, binti yako. Niko gerejini, nimekaa juu ya lile tairi bovu ulilokuwa unalikalia ukinywa chai, mikono yangu ina grisi, na hasira ya wiki nzima bado haijanishuka.

Gereji inaendelea. Mama yuko, anakula kidogo, analala. Mpaka Jumamosi iliyopita alikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani, na Jumamosi hiyo ndiyo nataka kukueleza. Ila nikianzia hapo hutaamini, kwa hiyo acha nianzie kwenye kikao.

Wiki tatu baada ya kukuzika kwenu Mpala, kule kando ya ziwa, familia ilikaa hapa uani kugawana vitu vyako. Kaka yako, baba mkubwa Anselme, alichukua jipu, kisha akachukua na koti lako la kijivu, lile la sikukuu. Mdogo wako Fidèle akabaki mikono mitupu, akanuna. Sasa sikia akili ya watu wazima. Waliangalia jipu, wakaangalia winchi iliyofungwa mbele yake, ile mashine ya kulivuta gari likinasa, wakaamua kwamba hivyo ni vitu viwili na kila ndugu anaweza kupata chake. Baba mdogo akasema, "Basi mimi munipatie ile winchi. Njo itakuwa mukumbusho ya yaya wangu," yaani wewe, kaka yake. Na wazee wote wakaitikia. Nilipofungua mdomo nikaambiwa niende kuangalia kama wali umeiva.

Waliifungua kwa spana zangu, Papa. Wakaenda kuifunga kwenye kile kigari cha baba mdogo, kinachotoka nyumbani kwenda biro, ofisini kwake, na kurudi, ambacho hakijawahi kuona matope ya kuzidi kijiko. Winchi ya kuvuta tani nne na nusu, kwenye kitu ambacho wanaume wanne wanaweza kukiinua upande mmoja wakibadilisha tairi! Pua ya kigari ikainama. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anaifuta kwa kitambaa laini, watu wakipita waone.

Baba mkubwa naye hakutaka kupitwa. Alifungua mlango wa jipu, akasoma uzito kwenye kile kibati cha kiwanda, tani mbili, akaenda kununua winchi ya tani mbili, nyekundu, ya kupendeza. Nilimweleza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Nikamwambia ule ni uzito wa gari tupu, lililotoka kiwandani, halina hata mtu ndani. Unapima gari na mzigo wake, watu wake, mafuta yake, halafu unaongeza nusu ya uzito huo, maana matope nayo yanavuta kwa upande wao. Alinisikiliza huku akichokonoa meno. Kisha akasema, "Mutoto, winchi ni winchi. Inavuta ao haivute."

Na wewe usicheke huko uliko. Unakumbuka vizuri ulikuwa unataka kununua winchi gani mwanzoni. Ulisoma kibati kile kile. Ni mimi niliyelipeleka jipu kwenye mizani ya malori bandarini, likiwa limetoka sokoni na magunia ya maharage na abiria juu yake, likaonyesha tani tatu kamili. Ulinikasirikia siku mbili. Siku ya tatu ulifunga mlango wa gereji, ukanong'ona, "Feza, uko na haki," yaani nilichosema ni kweli. Tukanunua niliyoisema, nikaifunga mimi, wewe ukanishikia taa. Halafu nje, mbele ya watu, ulisema ni akili yako, na kwamba mimi nakusaidia tu kushika spana. Nilikuwa nimesimama karibu yako uliposema hivyo. Hukunitazama.

Basi, Jumamosi. Msalaba wako wa zege ulikuwa tayari, na tulikuwa twende Mpala kuusimamisha ili tuvunje matanga na Mama aondoe kile kitambaa. Katekista alikuwa ameshaambiwa saa ya sala, watu wa Mpala walikuwa wameshapika. Mama alisema tukodi mtumbwi wenye mota, ziwa lilikuwa limetulia, tungefika bila taabu. Baba mkubwa akasema mtu wa heshima hafiki kwenye kaburi la ndugu yake akiwa ameloa miguu. Kwa hiyo tulipita barabara, katikati ya masika.

Jipu lilibeba msalaba, mifuko mitano ya simenti, kreti za vinywaji, mbuzi, Mama, shangazi watatu na wanakwaya sijui wangapi. Baba mkubwa aliendesha, amevaa koti lako. Nyuma yetu kigari cha baba mdogo na winchi yako inayong'aa. Kwenye bonde lenye kijito, kabla hata ya nusu ya njia, magurudumu ya nyuma ya jipu yalizama mpaka chesi ya chini ya gari ikalala juu ya matope.

Baba mkubwa alishuka kwa tabasamu. Siku yake ilikuwa imefika. Akavuta kamba ya winchi nyekundu hadi kwenye mti, akabonyeza. Ililia kama mbu, ikatoa moshi, ikanyamaza. Harufu ya waya zilizoungua ilitufikia sote, na mbuzi akapiga chafya. Kaka yako akabonyeza tena, mara sita, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Ndipo baba mdogo akasonga mbele. Alikizungusha kigari chake kwa juu, pakavu, akaikabili pua ya jipu, akafunga ndoano na kusema, "Sasa mutaona winchi ya kweli." Nilimwambia asifanye. Nilimwambia winchi ni nzima ila gari ni jepesi, haiwezi kuvuta kitu kizito kuliko gari lililoibeba. Akabonyeza. Jipu halikutikisika hata kidogo. Kigari ndicho kilichoanza kutembea, Papa, magurudumu yamefungwa breki, kikiteleza polepole kuelekea kwetu na mwenyewe ndani akikanyaga kwa miguu yote miwili, mpaka kikaingia matopeni na kubusu jipu. Betri yake ndogo ikaishiwa hapo hapo. Wanakwaya walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama Mama, amekaa juu ya mfuko wa simenti, ameushika msalaba wako usianguke, na jua limeshavuka kichwa.

Nikachukua spana. Baba mdogo akasimama mbele ya kigari chake, mikono ameitanua, akasema hiyo ni mukumbusho yake na haifunguliwe. Baba mkubwa akasema mutoto mwanamuke hawezi kutufundisha hapa njiani. Walikuwa wamejaa matope hadi kiunoni na bado wanathubutu kusema hivyo. Mama hakupaza sauti. Alisema tu, "Mumuache." Wakaniachia, na wanaume wakakisukuma kigari kando.

Bolti nne, nyaya mbili, na ile nyekundu iliyoungua nikaitoa. Ile sahani ya chuma ya kushikia winchi, tuliyoichomelea mimi na wewe, ilikuwa bado kwenye jipu, na matundu yakakubali kama yalivyokubali siku ya kwanza. Nilishusha watu wote na mizigo yote. Nilizungushia mti mkanda mpana. Nikavuta kamba karibu yote itoke, maana winchi ina nguvu zaidi ikibaki na mizunguko michache, nikaipitisha kwenye kapi lililofungwa kwenye mkanda huo na kuirudisha kwenye jipu ili nguvu iwe maradufu. Kilibaki kitu cha kutandika juu ya kamba, ikikatika isiruke na kichwa cha mtu. Nilitazama huku na huku. Kisha nikamwambia baba mkubwa avue koti.

Alivua. Nilitandika koti lako juu ya kamba ya chuma yenye grisi, nikawasogeza watu mbali, nikaingia kwenye jipu na kubonyeza. Lilitoka, Papa. Polepole, bila kelele. Tukapakia tena, tukakivuta na kile kigari, na hakuna aliyeniomba ufunguo. Niliendesha mimi mpaka Mpala.

Tulifika watu wamechoka kusubiri. Msalaba ulisimama, katekista akasali, Mama akafungua kitambaa. Baba mkubwa, asiye na koti wala haya, akaanza kuwasimulia watu wa Mpala jinsi winchi ya ndugu yake ilivyotuokoa, na jinsi marehemu alivyokuwa na kichwa cha kuchagua vyombo. Nilikuwa nimeshazoea. Niligeuka nikanawe mikono.

Mama akamkatiza. Kitambaa kikiwa bado mkononi mwake, akasema mbele ya watu wote, "Ile winchi ni ya Feza. Njo yeye aliichagua, njo yeye aliifunga. Marehemu aliniambia kwenye kitanda ya hospitali. Alisema aliona haya kuisema."

Papa. Ulimwambia yeye. Ulikuwa na pumzi chache na ukazitumia kwa hilo, na mimi nilikuwa nje ya mlango ule ule nimeshika chupa ya chai yako. Ungeniita. Ilikuwa hatua tatu. Nililia pale kwenye maji ya kunawia, na watu wakadhani nalilia kaburi.

Nimewadharau ndugu zako katika barua nzima, na sifuti hata neno. Lakini woga ule ule wa kusema kwamba binti ana haki, na wewe ulikuwa nao. Tofauti yako ni kwamba ulijua. Nakusamehe kwa ajili ya hiyo tofauti. Imenichukua wiki.

Lala sasa. Nakuahidi mambo mawili. Koti lako nimelifua mara tatu, grisi haitoki, lakini halitavaliwa tena na mtu anayesoma kibati cha mlangoni. Na zile bolti nne, jana nilizichomelea zisifunguke. Mtu akiitaka tena winchi, itabidi aje kwangu aniombe nimkatie, mchana, mlango wa gereji ukiwa wazi.

Binti yako,
Feza