Kitongoji cha Kwanza Wilaya Nzima

Nagano, 9 Juni 2013

Mdogo wangu Yoshinari,

Hujambo? Wifi Kinue hajambo? Sisi huku wazima, ila magoti ya shemeji yako yanamsumbua tangu mvua za Juni zianze. Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Tangu msiba wa baba, kila tukipigiana mmoja wetu hukata kabla ya kuagana.

Nimekukatia ramani kutoka gazetini, imo humu ndani ya bahasha. Ni mikoa yote ya nchi, imepakwa rangi kwa kadiri watu wanavyokufa kwa saratani ya utumbo mpana. Wanapokufa wachache pameachwa peupe, na huko ndiko niliko mimi. Sasa pandisha kidole mpaka juu kabisa, kaskazini, kisiwa chetu kikubwa kinapoishia. Umeiona Aomori ilivyo nyeusi? Hapo ndipo unapolala wewe.

Nimeikasirikia ramani hiyo kama mtu aliyenitukania mama. Tumezaliwa nyumba moja, tumenyonya ziwa moja. Mimi kwa kuolewa huku nimeongezewa miaka, na wewe kwa kubaki nyumbani umepunguziwa. Nani aliyegawa hivyo?

Kwenye kumbukumbu ya mama mwezi wa nne nilikuona. Kasisi anasoma sala, wewe unainuka kwenda chooni, unarudi, unainuka tena. Unakaa upande upande. Suruali imekuwa kubwa. Kinue akaniambia ni bawasiri. Baba naye alisema ni bawasiri. Walipompasua waliona saratani imeshaenea, wakamfunga vilevile, na sisi tukamdanganya mpaka anakufa kwamba ni kidonda cha tumbo, kwa sababu ndivyo watu walivyofanya. Mimi sitakudanganya. Nenda hospitali ya mjini wakupime kwa ule mpira wenye kamera, na uende kabla ya mavuno.

Dada yako,
Sumie

*

Nezugawa, 2 Julai 2013

Dada Sumie,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mvua si haba, matofaa yamefunga vizuri mwaka huu. Mpe pole shemeji kwa magoti.

Ramani yako imefika. Nimewashia moto wa kuchemshia maji ya kuoga, na imewaka vizuri.

Mkataa kwao mtumwa, dada. Matofaa ya Nezugawa ndiyo yaliyokukuza, leo umekuwa mtu wa Nagano, unatembea na kikundi chako cha akina mama mkitumbukiza kipima chumvi kwenye masufuria ya watu. Ukija nacho kwangu nitakutosa wewe na hicho kidude kwenye pipa la mboga za chumvi. Umesahau theluji inavyofika dirishani? Mwezi wa pili, mtu wa huku asipokula mboga alizozitia chumvi atakula nini, gazeti lako?

Na hilo la kupima, umekosea mlango. Kila mwaka kitongoji kizima kinapeleka vichupa vya choo vikapimwe kama kina damu. Tangu enzi za baba akiwa mwenyekiti, na sasa mimi, Nezugawa haijawahi kukosa hata nyumba moja. Wa kwanza wilaya nzima, kila mwaka. Hati za pongezi zimejaa ukuta wa ukumbini. Nyinyi weupe wa ramani mmewahi kufikisha watu wote? Thubutu.

Na majibu yangu hurudi safi kila mwaka. Nikiona damu kidogo ni bawasiri, urithi wa baba, hakuniachia kingine ila shamba. Acha kunitabiria.

Mwenyekiti wa kitongoji cha kwanza wilaya nzima,
Mdogo wako Yoshinari

*

Nagano, 11 Julai 2013

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Sisi hatujambo, na joto limeanza.

Nimecheka kwa hilo pipa, halafu nikaacha kucheka. Unasema vichupa vimepelekwa tangu enzi za baba. Kweli, nakumbuka mama akinisomea kwenye simu: baba yako mzima, majibu safi. Alisema hivyo mwaka ule uliotangulia kifo cha baba, na mwaka wa nyuma yake. Hospitali walipomfungua walikuta kitu kikubwa kama ngumi, na daktari akasema kimekaa miaka.

Kitu kama hicho kinakaaje tumboni miaka yote kisitoe damu? Halafu nieleze na hili. Huku kwetu tunabisha hodi, tunabembeleza, tunapika chai, na bado nusu ya wanaume wanatukimbia. Nyinyi mnafanyaje hata asikosekane mmoja? Yule Mzee Kudo wa hapo kwenu humkimbia hata kinyozi. Naye anapeleka?

Nijibu hilo tu, mengine tutagombana baadaye.

Dada yako,
Sumie

*

Nezugawa, 18 Agosti 2013

Dada,

Shikamoo. Sikukuu ya wafu imepita, tumewapokea wahenga na kuwasindikiza salama. Baba nimemmwagia pombe ya mchele kaburini, ile aliyoipenda, na mama nimempelekea maua yako. Wamekusalimu.

Unauliza tunafanyaje. Hilo ni swali la mtu aliyesahau kwao. Mama Narita wa afya anapita asubuhi na kikapu, nyumba kwa nyumba. Mwezi huo kila mwanamume yuko juu ya ngazi anapunguza vitunda ili vinavyobaki vikue. Nani atashuka akachuchumae na kijiti? Wanawake wetu wana akili. Kinue anajaza kichupa chake, halafu anajaza na changu. Wanaume wote wa huku ndivyo tunavyofanya. Mzee Kudo hujaziwa na mkwewe, na wanacheka mpaka machozi. Mama alimfanyia baba hivyo hivyo tangu mwanzo. Choo ni choo, dada, kwani kina jina? Kikapu kinajaa, Mama Narita haoni haya mbele ya wakubwa wake, wilaya inatupigia makofi, na matofaa hayasubirishwi.

Sasa umeijua siri ya ushindi, usiwauzie watu wa Nagano.

Hapa tumbo limekuwa likinivuruga kidogo, joto tu.

Mdogo wako,
Yoshinari

*

Nagano, 24 Agosti 2013

Yoshinari,

Leo sina salamu.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikatoka uani nikaipiga ndoo teke. Mguu umevimba na sijutii.

Kwa hiyo aliyepimwa ni mama. Miaka yote ile mama alikuwa mzima mara mbili, na baba akaoza pembeni yake na karatasi mkononi inayosema ni safi. Mama kaishi mpaka akasahau majina yetu. Alikuwa na afya, ndiyo, tuna ushahidi wa kutosha. Na wewe unanisimulia hayo kama hadithi ya kuchekesha, baada ya kutoka kummwagia baba pombe.

Mnaona haya. Haya ya nini? Nyumba moja ikikosa kichupa mlima utaanguka? Mnaona haya mbele ya Mama Narita, Mama Narita anaona haya mbele ya wilaya, na wilaya nayo, kwa kuwa imeona namba nzuri, inapiga makofi na kwenda kula. Hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza kwa nini kitongoji kinachopimwa chote kinazika wanaume kila majira ya baridi. Nyani haoni kundule, lakini nyinyi mmekubaliana kijiji kizima kutoliangalia.

Mwambie Kinue asinisalimie tena. Mwanamke anayekujua mpaka unavyokohoa, ameona damu kwenye nguo zako anazozifua, akachukua kijiti akapima afya yake akaiandika jina lako. Sitaki salamu zake.

Humu kuna vichupa viwili na bahasha ya maabara. Jaza mwenyewe, siku mbili mbalimbali, choo chako, kilichotoka kwako. Usimpe Kinue. Usimpe mtu yeyote. Funga, tia posta, basi. Shuka kwenye ngazi, Yoshinari.

Dada yako,
Sumie

*

Nagano, 5 Oktoba 2013

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza kwa sababu sijui.

Umenyamaza mwezi mzima na zaidi. Najua sasa mnageuza matofaa yapate rangi upande wa pili, najua shughuli. Ila hata mistari miwili? Nilipiga simu juzi. Kinue akapokea, akasikia sauti yangu, akaanza kulia, nami nikakata. Usiku wote nimejilaumu, na asubuhi hasira zikarudi palepale.

Wahenga wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijakubali kwamba lako ni hilo. Nijibu hata kwa kunitukana.

Dada yako,
Sumie

*

Nezugawa, 2 Desemba 2013

Dada Sumie,

Shikamoo. Theluji imeshika. Matofaa yote yako ghalani, sanduku lako limeondoka jana.

Vichupa nilivijaza Septemba, mwenyewe, nikikutukana kila hatua. Majibu yalirudi upesi: damu, nenda hospitali. Nikaiweka ile barua kwenye madhabahu ya nyumbani, nyuma ya picha ya baba, nikaenda kuvuna. Usinipigie kelele. Matofaa ya mwisho yakikutwa na theluji mtini yameharibika, na mwaka mzima umekwenda nayo. Ndiyo maana sikukuandikia, nilijua utakuja kunishusha kwa masikio.

Nimekwenda wiki iliyopita. Saratani imeshafika kwenye ini. Ulisema hutanidanganya, na daktari naye hakunidanganya, alisema yote usoni pangu. Nilitamani kidogo nidanganywe kama baba.

Nina hasira, dada. Nimejikasirikia mimi, nimeikasirikia na ile ramani ambayo hata sinayo, niliichoma. Jumapili kulikuwa na mkutano wa kufunga mwaka. Nikapanda kwenye kiti nikaanza kuteremsha zile hati, moja moja. Mzee Kudo akasema nimerukwa na akili, naaibisha kitongoji.

Nikamwambia, "Baba yangu alikufa mzima, kwa mujibu wa ukuta huu. Na mimi nakufa mzima. Mzee Kudo, wewe ni mzima?"

Mkwewe alitazama chini. Mama Narita alitoka nje, na nasikia alilia kwenye theluji bila koti.

Sasa kuhusu Kinue. Hali chakula nami tena. Ananipakulia, kisha anakaa jikoni peke yake. Anasema ameniua. Dada, kichupa nilikuwa nakiacha mimi mezani, nikitoka namwambia, malizia. Alichofanya ni kunitii. Kila mwaka amepimwa mara mbili, hakuna mwanamke mwenye afya kuliko yeye mkoa mzima, na hilo ndilo linalomla. Ulimnyima salamu. Ukitaka kunikaripia nikaripie mimi, bado nina masikio.

Mdogo wako,
Yoshinari

*

Nagano, 9 Desemba 2013

Mdogo wangu mpendwa,

Pole. Pole sana, mdogo wangu. Nimelia, nimekula tofaa moja kutoka sandukuni, nimelia tena.

Hasira sijazimaliza na sitajifanya nimezimaliza. Ila nilizielekeza kwa mtu asiyestahili. Kinue nimemwandikia barua yake peke yake, iko kwenye bahasha ya pili. Usiifungue, ni mambo yangu na wifi yangu.

Nakuja baada ya mwaka mpya. Kipima chumvi nakiacha. Nitakula mboga zako za pipa pamoja na wewe na Kinue, meza moja, na atakayekaa jikoni nitamfuata hukohuko.

Dada yako,
Sumie

*

Nezugawa, 14 Julai 2014

Dada,

Shikamoo. Tangu uondoke Kinue amenenepa, mimi nimekonda, kwa hiyo nyumba haijapungua uzito. Maua ya Mei niliyaona yote. Vitunda napunguza nimekaa kwenye kiti, matawi ya chini tu. Dawa zinanichosha na siandiki sana.

Ila hili lazima nikwambie mwenyewe. Vichupa vya mwaka huu vimekusanywa. Nilimwambia Mama Narita aache kikapu ukumbini, nikaketi mlangoni. Kila mtu alete chake kwa mkono wake, na mwanamke mwenye viwili arudi navyo. Walinuna. Wengine hawanisalimii mpaka leo. Wengi hawakuja kabisa, hata nusu hatukufika, na wilaya wamempigia Mama Narita simu kumuuliza kumetokea nini Nezugawa. Safari hii hakuona haya. Kawajibu kwamba kumetokea watu kupimwa.

Watatu wameitwa hospitali. Wote wanaume. Tangu enzi za baba hakuwahi kuitwa mwanamume hata mmoja, dada, na nilivyosikia hivyo nilitaka kwenda kuvunja vioo vya zile hati, sema nguvu sina.

Mmoja wao ni Mzee Kudo. Alikuja siku ya mwisho, mvua inanyesha, akanirushia kichupa mapajani bila neno. Wamemkuta na kinyama kidogo kama punje ya mchele, wakakitoa kwa ule mpira wenye kamera, akarudi jioni kula tambi. Hajanishukuru. Anazunguka kitongoji kizima akilalamika kwamba mpira ulikuwa wa baridi, na kila anayemsikiliza anauliza hospitali yenyewe iko wapi.

Matofaa ya mwisho sidhani kama nitayavuna mimi. Kinue anajua kugeuza. Njoo umsaidie.

Mwenyekiti wa kitongoji cha mwisho wilaya nzima,
Mdogo wako Yoshinari