Nimemzika Mama Kwenye Filamu, na Yeye Yuko Hai

Mpendwa Shangazi Agatha, shikamoo. Naomba unisaidie, kichwa kimegoma na sina mtu wa kumweleza.

Mimi ni Masoudi, nina miaka ishirini, nalala stendi ya Ruangwa na kubeba mizigo, na mwaka jana alikuja mwongozaji kutoka Dar, kaka Nicholaus, akasema anatengeneza filamu ya maisha halisi ya vijana wa mtaani, tuigize sisi wenyewe, na kweli alituchukua tulivyo, tunavyolalia maboksi, tunavyofukuzwa na mgambo, mpaka rafiki yangu Kasmiri anavyocheka akila muhindi wa kuchoma. Ila nilipomwambia kwamba mama yangu yuko Mbekenyera na kila siku ya gulio anatuletea mihogo, mimi na Kasmiri, akinibembeleza nirudi, na mimi sirudi kwa sababu mume wake Harithi ananipiga, akakataa, akasema, "Dogo, mama akionekana na mihogo yake, watu watauliza kwa nini hurudi nyumbani," basi wakatengeneza kaburi la kuigiza kwenye shamba la mikorosho, nikaambiwa nitaje jina halisi la mama, Mwamini, ili machozi yaje yenyewe, na yalikuja.

Sasa kipande hicho kimerushwa kwenye magrupu ya simu kuitangaza filamu, mjomba Yunusi kule Ruponda akakiona, na kwa vile mama hana simu akakusanya ndugu na unga wa msiba, wakafika Mbekenyera wanawake wameshaanza kulia, wakamkuta mama uani anapeta ufuta, naye akaacha ungo akalia pamoja nao akiuliza, "Jamani, nani katutoka?" Mjomba akatoa simu, akamwonesha kile kipande.

Tangu siku hiyo mama hataki kuniona, anasema nisije mpaka wote walioambiwa amekufa waambiwe yuko hai. Filamu inaoneshwa Jumamosi ijayo uwanjani, viongozi wamealikwa, na kaka Nicholaus anasema bila kaburi hakuna filamu, na wenzangu wa stendi wananibana ninyamaze kwa sababu Kasmiri alifariki masika haya kwa homa, hakuwahi kupigwa picha, na humo tu ndimo tunamoweza kumwona. Nikinyamaza nampoteza mama, nikisema nampoteza Kasmiri. Nifanye nini, Shangazi?

Masoudi, Ruangwa

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa rafiki yako.

Kwanza nikugombeze. Jina la mama si la kumwazima mtu wa kamera. Kwenu mama akifariki, kaka yake ndiye wa kwanza kuinuka, na wewe ulilijua hilo. Mjomba hakukosea kuja na unga, kwa hiyo mwombe radhi.

Lakini mwenye kesi kubwa ni huyo mwongozaji. Anatangaza maisha halisi, halafu akikutana na mama halisi anamzika! Eti watu watauliza kwa nini hurudi nyumbani. Acha waulize! Miaka yote mnapitwa pale stendi na hakuna aliyeuliza. Hao viongozi wakiondoka uwanjani waondoke wakijua kwamba kijana anaweza kuwa na mama anayempenda na bado akalala nje kwa kuogopa fimbo ya baba wa kambo. Yatima wa kuigiza watamlilia, kisha wataenda kula.

Usikubali kulazimishwa kuchagua kati ya mama na Kasmiri. Kaburi ni kipande kimoja na Kasmiri ni kipande kingine, na huyo aliyeviunganisha anaweza kuvitenganisha. Mwambie hivyo mbele ya wenzako wote. Akikataa, Jumamosi usimame kabla filamu haijaanza, useme kwa sauti kwamba mama yako Mwamini yuko hai, yuko Mbekenyera. Wenzako nao wakusindikize, maana wao pia wana mama zao.

Ila kabla ya yote nenda kwa mama, na usiende peke yako, Harithi yupo. Mtangulize mjomba Yunusi. Ukifika usianze kujitetea. Katika barua yako yote sijaona mahali ulipomwambia mama kwamba Kasmiri amefariki, na yule naye alikuwa mtoto wake, alikuwa akimlisha. Mwambie, kisha mlilieni pamoja.